Kaka Yangu na Filamu ya Mwisho

Kaka yangu alikuwa anatengeneza fromaji, yaani jibini, kwenye ferme moja ya kufuga ng'ombe huko Kirolirwe, na kila Jumapili alikuja kwetu Muheto akiwa bado ananuka maziwa. Misa alihudhuria, lakini si misa iliyomleta. Alikuja kwa ajili ya sinema.

Sinema yenyewe ilikuwa nyumba ya udongo karibu na soko. Madirisha yalizibwa kwa shitingi za plastiki ili jua la saa tisa lisiingie, na televisheni ilikaa juu ya kreti za bia. Mwenye nyumba ile alionyesha filamu za kila aina, lakini iliyoijaza ni ile ndefu ya anga: watu ambao dunia yao iliungua, wanazunguka kati ya nyota na vyombo vyao wakitafuta pa kutua. Ilitoka sehemu baada ya sehemu, miaka na miaka. Nilianza kuitazama nikiwa shule ya msingi. Nikamaliza shule, nikajifunza ushonaji, nikapata mashine yangu, bado wale watu hawajatua. Hakuna aliyehitaji kutufafanulia. Sisi wenyewe tulishabeba magodoro kutoka kilima hadi kilima tukikimbia vita.

Sehemu ya kabla ya mwisho iliishia pabaya. Kapteni wao aliingia peke yake na chombo kidogo ndani ya jua jeusi, ili adui wamfuate yeye wawaache wengine. Kioo kikawa giza, majina yakaanza kupanda, nyumba nzima ikapiga kelele. Tangu siku hiyo, tukingojea sehemu ya mwisho, Jumapili zetu zikawa za mabishano.

"Alikufa," mwenye sinema alisema. "Jua jeusi hairudishake muntu."

"Uliona maiti?" kaka aliuliza.

"Maiti itatoka wapi? Ile kitu inameza hata mwangaza!"

"Basi unajua namna gani? Muntu mwenye hatukuona maiti yake, huyo hakukufa."

Kijana mmoja wa pikipiki aliapa kwamba adui mwenye kuficha uso ni mke wa kapteni. Mama mmoja muuza maharagwe alisema kapteni atatokea upande wa pili akiwa muzee, na watoto wake hawatamtambua. Kaka aliwasikiliza wote, kisha akacheka kicheko chake kirefu ambacho daima kiliishia kwenye kikohozi.

Vita vilifika asubuhi ya siku ya soko. Kaka alikuwa kazini Kirolirwe. Mimi na Mama tulikimbia upande mwingine, na tukiwa njiani akanipigia.

"Mama iko na wewe?"

"Iko."

"Basi mutangulie. Miye nakuja."

Nyuma ya sauti yake nilisikia ng'ombe wakilia. Baada ya hapo simu yake haikuita tena.

Tulitembea hadi Walikale, ndani kabisa, ambako msitu unafunika hata barabara. Familia moja ya wakulima ilitupokea ikatupa chumba nyuma ya jiko. Watu wa kwetu waliendelea kufika, na kila mmoja alikuja na neno juu ya kaka. Kijana wa pikipiki alisema alimwona barabarani, amebebeshwa mizigo na watu wenye silaha. Mama wa maharagwe alisikia kwamba alivuka mpaka. Mwingine alisema yuko kwenye mashimo ya madini, amefuga ndevu, hataki kujulikana.

Sidhani kama kuna aliyesema uongo. Lakini siku moja, nikimsikiliza yule kijana wa pikipiki akieleza tena, niligeuka kumtazama. Sauti ilikuwa ile ile ya Jumapili. Aliinama mbele vile vile, akainua kidole vile vile. Walikuwa wanabishana juu ya kaka yangu jinsi walivyobishana juu ya kapteni.

Nilianza kusikia kikohozi chake. Nikiwa mtoni, au kwenye njia ya shamba, nyuma yangu kidogo, kama mtu anayekuja bila haraka. Mama naye alikuwa anaacha kutwanga ghafla, mchi ukiwa juu.

"Umesikia?"

"Nini, Mama?"

Aliendelea kutwanga.

Mwenyeji wetu, mama wa makamo, aliyaona yote hayo. Siku moja alikuja akaketi karibu na Mama.

"Dada, kwetu muntu akipotea hivi, tunakata mugomba, tunaulaza mu kaburi, tunamulilia. Bila hivyo anazunguka tu. Hajue iko upande gani."

"Mutoto yangu haiko mugomba," Mama alisema.

Njia ilipofunguka kidogo tuliondoka msituni tukashuka Kirotshe, kwa shangazi yangu, si mbali na hospitali. Nikapata mashine ya kushonea. Huko ndiko nilikokutana tena na mwenye sinema. Alikuwa amekonda, anachaji simu za watu kwa sola.

"Sehemu ya mwisho ilitoka," aliniambia. "Iko mu telefone yangu. Sikuiangalia. Nitabishana na nani?"

Tuliitazama mchana ule ule, barazani kwake, tumejifunika kitenge kichwani ili tuone vizuri. Karibu na mwisho wakakikuta chombo cha kapteni kinaelea ng'ambo ya jua jeusi. Mlango wazi. Kiti kitupu. Mkanda wa kiti ulikuwa umefunguliwa kwa mkono, haukukatika. Wale watu walikitazama kwa muda, wakaendelea na safari, wakatua kwenye bonde la kijani. Ikaisha.

"Sasa hii ni nini?" mwenye sinema alifoka. "Alikufa ao hakukufa?"

Ndipo harufu ya maziwa yaliyochacha ikatupitia. Niligeuka. Ukuta tu. Nilipomrudia mwenye sinema, naye alikuwa anatazama ukuta.

"Na wewe?" alisema polepole.

Alizima simu.

Nyumbani Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuwahi kuingia sinema hata siku moja, lakini alijua kila kitu kutoka kwa mwanawe.

"Yule kapteni, alirudi?"

"Walikuta chombo yake, Mama. Yeye hapana."

Alichambua hadi maharagwe yakaisha. Kisha akasema, "Pigia yule mama wa Walikale. Muulize, mugomba inalazwaka kichwa upande gani."

Tuliulaza mgomba kaburini nyuma ya nyumba ya shangazi, umefungwa kitenge cha Mama. Katekista alikuja ingawa jambo lile halikumpendeza. Alisimama kwenye ua, akasali kwa ufupi. Mwenye sinema alikamata jembe. Mama alilia kwa mara ya kwanza tangu tukimbie, akalia mpaka sauti ikakatika, na udongo ulipojaa akaupigapiga kwa viganja.

"Akirudi," alisema, "tutaufukua."

Alienda kunawa mikono, nasi tukabaki tumesimama na majembe, hatujui kama tuketi tumlilie au twende tumpikie.