Karata za Mugumu na Khanga Mbili Kambani

Mwanangu, nimesikia unataka kuwaita majirani zako wa Nkende waje kwako Jumamosi mcheze. Nimefurahi mpaka nimesahau goti langu! Kaa basi nikwambie, maana jambo hilo nimelifanya nikiwa kijana, na nusura nilizike lingali changa.

Nakumbuka Jumamosi moja pale Mugumu. Nilikuwa nimetoka kwetu Susuni kutafuta kibarua cha kufyatua matofali, nikapanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita. Watu walikuwa wema, lakini kila mmoja na mlango wake. Shikamoo, marahaba, kofuli, basi. Aliyenijali ni Mwita, fundi baiskeli, chumba cha pili. Wiki ile ile niliyofika nilishikwa na malaria, akanipakia kwenye baiskeli mpaka hospitali, mimi natapika mgongoni kwake. Mwezi mzima baadaye ndipo akaniambia shati lile lilikuwa jipya! Sikuwa na rafiki mwingine mji mzima.

Nilipopona nikanunua karata. Nikachemsha viazi vitamu na chai ya maziwa, nikatandika mkeka uani, nikagonga milango mingine yote mitano. Wakatoka! Tukacheza arubastini, wanne wanne, wawili wawili, wenza wakitazamana. Kupata mwenzako, unachota kisoda kwenye kofia bila kuangalia. Wenye visoda vya rangi moja wanakuwa wenza. Nyangi, muuza dagaa, ambaye hata salamu alikuwa anazipima, alipiga kelele siku hiyo hadi kuku wakahama ua.

Sasa Jumamosi ya tatu, ndiyo hiyo ninayoisema, mama mkwe wake Mwita alikuwa amekuja kumwona mjukuu. Alikaa mbali, mlangoni mwa jiko. Mimi kwa furaha yangu nikampelekea kofia, akacheka, akachota. Kisoda chekundu. Mwita naye alikuwa na chekundu.

Unajua sisi Wakurya. Mwanaume na mama mkwe wake hawakai wakaangaliana usoni. Mama alinyanyuka kurudi jikoni. Mimi, ujana ule, nikamgawia karata huku nasema kwa sauti, "Mchezo hauna mkwe! Kaeni mtazamane!" Wengine wakacheka. Mwita akageukia ukuta, akaweka karata zake chini, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata nilichemsha viazi tena. Nyangi akachungulia, akauliza, "Mwita yupo?" Nikasema hajaja. Akarudi ndani. Wengine vilevile, mlango hata haukufunguka vizuri. Nikakaa peke yangu na sufuria ya viazi, mwanangu, nikaona nimerudi kwenye shikamoo na kofuli. Na rafiki niliyekuwa naye nimempoteza.

Yule mama akaniita. "We mura, kijana, njoo hapa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wiki nzima mkwe wangu anazunguka nyuma ya nyumba asikutane na mimi. Ulileta mchezo au ulileta kesi?"

"Nilitaka watu wachangamke, mama."

"Nani amekwambia mwenye heshima hachangamki? Wewe ndiye mwenyeji. Mwenyeji anajua nani ni nani kabla hajamkalisha mtu." Halafu akashusha sauti. "Na mimi umeninyima. Ulikuwa umenigawia turufu nne!"

Akatazama kamba ya nguo iliyokatiza uani. Sikuhitaji kuambiwa. Nilichukua khanga mbili za mke wa Mwita, nikazianika kambani kama pazia katikati ya mkeka, kisha nikabisha kwa Mwita.

"Nimekukosea," nikamwambia.

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu. Njoo nikuombe radhi mbele yao."

Akaja, nikawaita na wengine watoke, nikaomba radhi wote wakisikia. Basi mama upande huu wa khanga, Mwita upande ule, wenza bado wale wale, na mimi kazi yangu kubeba karata kuzipitisha huku na huku. Kumbe yule mama ni moto! Akaniambia, "Mwambie mwenzangu turufu haitagi mayai, aitoe!" Nikazunguka nikasema. Mwita huku anajizuia kucheka, "Mwambie mama inakuja." Akaibwaga! Nyangi akalalamika akininyooshea kidole, "Chacha anawapelekea ishara, huyu!" Mama akajibu kutoka huko nyuma, "Ishara ya nini, dada? Wewe karata zako tunazisoma usoni!" Walishinda mara nne mfululizo. Mwita alilala chali kwa kicheko, mtu mzima na ndevu zake, akaniita, "Chacha, Jumamosi ijayo usizitoe hizo khanga!" Nikajua nimerudishiwa rafiki.

Basi nisikilize. Ukiwaita watu, kwanza ulizia nani ni nani: nani mkwe wa nani, nani hasemi na nani, nani mgeni kabisa. Mtu akiwa na heshima yake usimwambie aiache mlangoni, mtafutie mahali pa kukaa nayo. Wewe mwenyeji cheza kidogo, hudumu sana. Mgeni mpe nafasi ya kwanza. Simu ziwe mfukoni. Utani uwe mwingi, lakini usimchekeshe mtu kwa aibu ya mwingine. Na asiyekuja, usikae ukasubiri ajirudi. Nenda kwake siku hiyo hiyo, na kama kosa ni lako, liseme. Mimi nilichelewa wiki nzima na iliniuma.

Nenda mwanangu, watandikie. Mungu ajaze watu kwenye mkeka wako mpaka uazime wa jirani, kicheko chao kivuke ukuta, na siku utakapougua usikose wa kukupakia kwenye baiskeli yake.