Dishi la Taufiki Kwenye Zege

Shemeji yangu Taufiki hajawahi kuanza jambo likaisha vizuri, lakini ukimsikia akiongea utadhani Lusahunga nzima kaijenga yeye. Aliuza sabuni, ikanyeshewa ikawa uji. Aliuza matairi kwa madereva wa malori ya mpakani Rusumo, yakapasuka njiani. Mimi Raya ni mke wa kaka yake, nimempikia miaka yote hiyo, najua ninachosema.

Mashirika ya wakimbizi yalipoanza kufunga virago, moja likamwachia simu ya setilaiti pamoja na dishi lake. Basi! Akavaa koti, akajiita Mkurugenzi wa Mawasiliano. Fundi wao, mzungu mmoja mpole, alimweleza kila kitu mezani kwangu huku akinywa chai. Setilaiti ile iko juu ya ikweta, kilomita elfu thelathini na sita, ina mabawa ya kunasa jua na mitambo ya kupokea sauti na kuirudisha chini. Ilitengenezwa ifanye kazi miaka kumi, nayo imepitiliza. Mafuta yake ya kujiweka sawa yamebaki kidogo, kwa hiyo wameiacha iyumbe, mara kaskazini, mara kusini, kila siku.

"Dishi ulisogeze kuifuata," fundi akasema. "Na kabla ya mwaka huu kwisha, mafuta ya mwisho yataisukuma juu zaidi, izimwe, ipishe nyingine. Inastaafu."

Taufiki akaitikia ndiyo, ndiyo, kama kuku anayedonoa. Mzungu alipoondoka tu, akachanganya zege akalijengea dishi lisiibwe, limetazama juu kama karai.

"Si umeambiwa ulisogeze?" nikamwuliza.

"Shemeji, wewe pika."

Toka siku hiyo simu ikawa inasikika kidogo asubuhi na kidogo jioni, setilaiti ikipita mbele ya dishi. Muda uliobaki watu walikaa kwenye benchi, yeye akiwaambia mtandao unapumua. Wakimbizi aliwaita washamba. Yeye!

Nyandwi alikuwa mama wa Kirundi wa kambi ya Lukole, aliyekuja kulima vibarua Nyamahanga, kijiji cha jirani. Walipokuwa wanakimbia vita alipotezana na binti yake, Ineza. Padri akamletea habari: mtoto yuko kwa masista huko Zambia, anahesabiwa yatima, na Alhamisi jioni familia moja inamchukua kwenda naye Ulaya. Mama mwenyewe akipiga simu kabla ya hapo, mtoto hatoki. Nikasema aende posta Biharamulo. Taufiki akacheka mpaka akakohoa.

"Posta wana waya za tangu enzi za Mjerumani. Hapa kwangu ni angani moja kwa moja!"

Alhamisi asubuhi akamkalisha, akabonyezabonyeza, akampa mkono wa simu. "Ongea, mama. Wewe hutawasikia, lakini wao wanakusikia. Ndivyo mambo ya angani yalivyo."

Mama wa watu akaongea. "Ineza, mwana wanje..." mwanangu, kwa Kirundi chao. Akamweleza nani kafa na nani mzima, akamwimbia, akalia, akacheka. Alipomaliza akamshika Taufiki mikono yote miwili kumshukuru. Naye akapokea shukrani, kifua mbele! Hana haya yule mtu.

Mimi nilikuwa nimeleta chai, na moyo wangu ukakataa. Nikafunua kitambaa nilichokifuma mwenyewe, alichofunikia kisanduku cha simu. Taa yake ya kuonyesha mtandao ilikuwa imezimika.

"Toka lini?"

"Jumatatu," akanong'ona. "Wameizima huko juu. Shemeji, ningesemaje mbele za watu kwamba imekufa? Usiniaibishe."

Nikasema kwa sauti, benchi zima lisikie: "Nyandwi, hakuna aliyekusikia." Akauchukua tena mkono wa simu, akauweka sikioni.

Nikamfunga khanga yangu, nikapanda naye lori la Kazimili, dereva aliyekuwa anakunywa chai kwangu, mpaka posta Biharamulo. Waya za Mjerumani zikakwaruza, sista akapokea. Nyandwi akataja jina lake. Sista akaenda kumwita mtoto, halafu kikasikika kisauti: "Mama?" Nilitoka nje nikalia, nikamtukana Taufiki barabarani watu wakinishangaa.

Ineza aliletwa mwaka uliofuata, kajaa vumbi mpaka magotini. Wakaja kunisalimu. Taufiki alikuwa kibarazani, anamwambia dereva mmoja kwamba mtambo ule aliustaafisha mwenyewe kwa hiari. Dishi liko palepale, limejaa maji ya mvua. Zege lile ndilo kitu pekee alichowahi kukifanya kikadumu.

"Shikamoo, baba," Ineza akamwamkia.

"Marahaba, binti," akajibu, kavimba.

Nyandwi hakumsalimu. Akamkalisha mwanawe pale ukingoni mwa dishi, akachota maji kwa kiganja, akamwosha miguu taratibu, mmoja baada ya mwingine, Mkurugenzi akitazama.