Mvuvi Asiyeleta Samaki

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, katika mwaka wangu wa kwanza hapa Stockholm, nilipokaa mlangoni mwa nyumba yetu ya Hjulsta nikilinusa jaketi la mume wangu kama mbwa wa forodhani. Usicheke. Nilikuwa natafuta harufu ya samaki, na sikuipata. Kabla hujautuma ule ujumbe ulionionyesha jana baada ya ibada, wa kumshtaki mumeo kwa ukoo wake mzima, kaa kwanza nikusimulie.

Wewe unamjua huyu mzee wangu mwenye kitambi anayewatania kanisani. Owuor wa siku hizo alikuwa kijana mwembamba, mkimya, aliyesomea uhandisi na kusafisha ofisi za watu kule Kista huku akingoja bahati yake. Tangu theluji ilipoyeyuka, kila Jumamosi alibeba fimbo yake ya kuvulia na mkoba, akasema, "Naenda kuvua," akaondoka. Jioni alirudi na mkoba mkavu. Mwanzoni nilimpa pole, kwani kukosa ni sehemu ya uvuvi. Juma likafuata juma, mpaka pole zenyewe zikaniisha.

Ujue mimi ni binti wa mvuvi. Baba alikuwa na mtumbwi ziwani, upande wa Homa Bay, na kwetu samaki akishatoka majini hajawahi kurudi. Mvuvi akipata, nyumba nzima hujua hata kabla hajapiga hodi, maana harufu humtangulia. Sasa huyu wangu, mwanamume gani huyu wa kuvua msimu mzima asilete hata omena, hata kidagaa kimoja? Tena alirudi na uso mwepesi, akipiga mluzi ngazini. Nikajiambia, huyu kuvua anavua, lakini si majini.

Basi nikanunua kadi ya simu. Enzi hizo hatukuwa na simu zenu hizi za kuonana nyuso. Ulinunua kadi, ukakwangua namba, ukaongea na nyumbani mpaka kadi ikukatie neno mdomoni. Nilitaka kumpigia mama mkwe nimwambie kwamba mwanawe ana nyumba ya pili. Maneno kama hayo yakimfikia mama mkwe hayakai kwake: wajomba huitwa, wazee huitwa, kila mtu husema lake, na ndoa changa kama yetu isingetoka salama. Nilijua hivyo vizuri, na bado kadi ilikuwa mkononi.

Kabla ya kuikwangua nilipita Spånga kwa Mama Nakato, nipewe moyo. Alikuwa mama wa Kiganda aliyekimbia kwao zamani, Mwislamu, na sisi wasichana wa Afrika Mashariki tulimkimbilia kwa kila jambo, Wakristo kwa Waislamu. Nilimkuta jikoni akimenya ndizi. Nikammwagia yote. Akaendelea kumenya.

"Umemuuliza?" akasema.

"Nimuulize nini, Mama, na mimi najua? Dalili ya mvua ni mawingu."

Akaelekeza kisu dirishani, ambako mbingu ilikuwa ya kijivu kama kawaida yake. "Nyabo, bibi wewe, mawingu ya hapa hukaa juma zima na tone lisianguke. Haya, huvua wapi?"

"Sijui."

"Na nani?"

"Sijui."

"Kazini kwake kukoje? Anakula nini huko? Anaongea na nani?"

Na hayo pia sikuyajua.

"Banange! Unalala naye kitanda kimoja hujui hata hayo, halafu unataka kumpigia mama yake umpe habari zake? Mwanangu, wewe hukuuliza. Ulijijibu." Akaweka kisu chini. "Mwombe akupeleke. Usimvizie. Mwombe. Na ubebe chai."

Nilitoka pale nimenuna, nakuambia ukweli. Nilikuwa nimefuata huruma nikapewa kazi. Lakini Jumamosi ilipofika, Owuor akivaa viatu, nikasema, "Leo nataka kuja nione."

Alisimama na kiatu kimoja mguuni. "Kuna baridi huko," akasema.

"Nitavaa."

Tukapanda treni hapa Hjulsta, kituo cha kwanza, tukaenda nayo mpaka kituo cha mwisho, katikati ya mji. Njia nzima nilimtazama usoni kila milango ilipofunguka, nione ni kituo gani kitamshtua. Hakushtuka popote. Alisinzia.

Alinipeleka pale Strömmen, mahali maji ya ziwa yanapomiminika kwenda baharini, mbele ya jumba la mfalme, kwa kasi ya mto wakati wa masika. Ukingoni walisimama watu na fimbo zao: wazee, vijana, baba na bintiye. Nikamtafuta yule mwanamke kwa macho. Mwanamke mtu mzima pekee pale alikuwa bibi kizee na mbwa wake.

Owuor akarusha mshipi. Kwanza alitoka samaki wa mistari mwenye mapezi mekundu, ambaye wao humwita abborre. Nikamwona kama mjukuu wa mbuta wetu wa ziwani, akarudishwa majini haraka kabla sijaelewa vizuri. Halafu fimbo ikapinda kweli. Akatoka samaki mrefu, mdomo kama wa bata, meno tele, tumbo limejaa. Damu ya baba yangu ikanichemka. Nilikwisha kumkaanga kichwani, kitunguu na nyanya viko tayari. Owuor akalowanisha mikono, akamtoa ndoana polepole, akamshika ndani ya maji mpaka mkia ukacheza, akamwachia.

"Weee! Unafanya nini?" Nilipiga kelele mpaka mbwa wa yule bibi akabweka.

Akainamisha kichwa. "Ana mayai. Na hata kama hana, mimi hurudisha. Wengi hapa hurudisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Baba yako ni mvuvi. Akisikia mkwewe anavua samaki kisha anawaachia, atasema binti yake ameolewa na mwendawazimu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na machozi yalinitoka kwa kicheko na kwa mengine. Kisha nikamuuliza, "Sasa kama hutaki samaki, huwa unafuata nini huku?" Mwanangu, hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza la kweli kwa mume wangu.

Kabla hajajibu, mzee mmoja aliyebeba mikate alisimama karibu yetu. "Nappar det?" akauliza, yaani, je, samaki wanakula chambo? Wakaongea kidogo, habari za chambo na za upepo, mzee akaenda zake.

"Hicho," Owuor akasema. "Naingia ofisini watu wakishaondoka. Wiki nzima hakuna anayeniuliza kitu. Nikisimama hapa na fimbo, kila apitaye huniuliza kama wanakula. Mtu akiniuliza, najiona nipo."

Nilimimina chai ili nisimtazame. Wageni wasiojua hata jina lake walikuwa wakimuuliza kila Jumamosi, na mimi mkewe nilikuwa nikinusa jaketi lake. Nilimwonea huruma, nikaona haya. Kisha nikasema, "Yule mwenye meno anaitwaje?"

"Gädda."

"Anakula nini?"

Chai iliisha kabla ya maswali yangu.

Jioni niliikwangua ile kadi, nikampigia baba. Nikamweleza yote, pamoja na kuachia samaki. Akasema, "Meno, unasema? Juu na chini? Na akiachiwa, hukimbia au huduwaa kwanza? Hebu mpe simu mkwe wangu." Waliongea wawili hao mpaka kadi ikaisha, Owuor amesimama ukumbini akionyesha kwa mikono urefu wa samaki, kana kwamba baba anamwona.

Sasa wewe, mwanangu. Huenda wako ana kosa kweli. Wapo wanaovua nchi kavu, na akiwa mmoja wao, njoo, tutautuma ujumbe huo pamoja. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Shaka hujijibu yenyewe upesi. Mwenye kutaka kujua huuliza, akangoja. Muulize mumeo alikuwa wapi, si kwa sauti ya polisi. Muulize siku yake ilikuwaje, hata usipokuwa na sababu. Kuuliza si ujinga, na kati ya mke na mume ni chakula.

Mungu akupe ulimi mpole wa kuuliza na masikio ya kungoja jibu. Aibariki nyumba yenu ijae maneno na chai. Na kila jioni uingiapo umechoka, asikosekane mtu wa kukuuliza na wewe, umeshindaje.