Twiga wa Mzee Ditram

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba twiga, tembo na wanyamapori wengine ni mali ya umma. Kwamba yeyote atakayemwona mnyama wa namna hiyo nje ya hifadhi anatakiwa kutoa taarifa bila kuchelewa. Na kwamba kila taarifa, iwe kubwa iwe ndogo, itafanyiwa kazi mara moja. Tangazo hilo lilibandikwa kwenye ubao wa kijiji, pembezoni mwa Mikumi, kisha likasomwa kwa kipaza sauti kwa ajili ya wale wasiosoma ubao, yaani kijiji kizima.

Mzee Ditram alilisikia akiwa barazani, akimpaka grisi twiga wake.

Twiga huyo alikuwa msumeno wa umeme wenye mpini mrefu, wa kuchajiwa kama simu. Ulimfikia kwa basi kutoka Morogoro, kwa mwanawe Aneth, baada ya mzee kudondoka kutoka kwenye mfenesi akiwa na panga mkononi na kuvunjika mguu. Mfenesi ule umeinamia paa, na usipopunguzwa kabla ya mvua matawi yake hukwangua bati usiku kucha. Ditram, aliyezeeka akitengeneza matrekta kwenye mashamba ya miwa ya Ruhembe, hakuona kwa nini mtu aliyepanda mti wake miaka yote aache kuupanda kwa sababu ya kuteleza.

Aneth aliona. "Baba, nikisikia umepanda mti tena, nakuja kukuhamishia kwangu. Sitabishana."

Kwa Aneth alishakaa, wakati mguu unaunga. Alitunzwa vizuri mno, kama kochi la wageni. Uani palikuwa na saruji ukuta hadi ukuta, na asubuhi hapakuwa na kitu cha kufagia. Kwa hiyo msumeno ulipofika aliuheshimu. Ndio uliokuwa ukimweka nyumbani kwake. Alijifunza kusimama pembeni, si chini ya tawi, kulikata kidogo kutoka chini ili lisichane ganda la mti, kisha kumalizia kwa juu.

Jina lilitoka kwa Mwamvua, jirani wa ng'ambo ya ua, mjane na mtani wake. "Shingo yote hiyo kwa ajili ya majani?" alisema. "Basi huyu ni twiga." Kuanzia hapo wapita njia wakawa wanauliza kama twiga keshashiba.

Wiki ile ya tangazo Mwamvua aliuazima ili apunguze mjohoro wa jikoni kwake. Kiungo cha mpini kikalegea. Akampigia mwenyewe simu, lakini alipiga akiwa kwenye mashine ya kusaga, mahali ambapo hakuna anayesikika bila kupiga kelele.

"Ditram, mtani! Twiga wako shingo imelegea, nimemfunga kamba. Njoo tummalizie. Fungu langu nimeshalitia kwenye gunia."

Fungu lilikuwa la kuni. Lakini kwenye foleni alikuwapo raia mwema.

Gari la askari wa wanyamapori lilifika kabla unga wa Mwamvua haujapoa. Aliyeshuka kwanza aliitwa Godfrey, na kwa kuwa hata anayekuja kukukamata ana wazazi, alianza na shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Mzee, twiga yuko wapi?"

"Ameazimwa. Yuko kwa jirani hapo."

"Unaazimisha twiga?"

"Nisipoazimisha wataniita mchoyo. Juzi alikuwa kwa katekista."

Godfrey alimtazama mwenzake. "Ni mzima au amekufa?"

"Huwa anakufa chaji ikiisha."

Mwamvua akatokea ameubeba msumeno begani, kamba shingoni. Godfrey aliutazama kuanzia ncha hadi mpini, na mtu angeweza kumwonea huruma, maana alikuwa amekuja na bunduki. Kisha akakumbuka kwamba mashine zinazokata miti nazo zina taratibu zake.

"Itabidi niondoke nao, mzee. Ofisi iuangalie."

Ditram alijua vitu vinavyopelekwa kuangaliwa, huangaliwa sana. Mvua zilikuwa karibu, na ngazi ilikuwa bado nyuma ya choo.

"Chukua, afande. Ila mwambie mwanangu mwenyewe," alisema, akabonyeza simu, akaiweka spika.

Aneth alisikiliza mpaka mwisho. "Kaka, pole na kazi. Huo msumeno ndio unaomweka baba chini. Ukifika nao barabarani atakuwa yuko juu ya mfenesi, halafu ataniambia hajapanda."

"Sijapanda," alisema Ditram kwa mazoea.

Godfrey aliegemeza msumeno ukutani. "Baba yangu ni wa minazi," alisema. "Kisarawe. Haambiliki." Akatoa sharti moja tu: usiitwe tena jina la mnyama, uitwe hata la mtu.

"Wewe unaitwa nani?" aliuliza Mwamvua.

Godfrey alikuwa ameshaingia garini.

Mwezi uliofuata, siku Mwamvua alipokwenda Kisanga kwa dada yake, Ditram aliamshwa alfajiri na sauti ya majani yakichanwa. Twiga, wa damu na kwato, alikuwa amesimama nje ya ua, kichwa kimezama katika kilele cha mkwaju wa mzee uliokuwa uani. Ditram akapiga simu ofisini, kama raia alivyoagizwa.

"Kwa mzee Ditram?" sauti iliuliza, na nyuma yake watu wakacheka. "Mzee, hiyo taarifa tunayo. Ilishafanyiwa kazi."

Twiga alikula mpaka jua likawa kali, akaondoka zake.

Jumamosi Aneth akaja kumsalimu. Aliutazama mfenesi, akaridhika. Aliutazama mkwaju, kilele chake kimenyolewa, akaingia ndani na kutoka. Kisha aliuinua msumeno kadiri mikono yake ilivyofika. Ncha yake ilibaki chini sana ya pale palipopunguzwa.

"Baba, umepanda."

"Sijapanda. Ni twiga."

"Twiga hafiki pale."

"Si huyo. Ni twiga mwenyewe, wa porini. Waulize ofisini, niliwapigia."

Begi la baba yake alikuwa ameshalishusha kutoka juu ya kabati. Lakini Aneth ni mtu wa haki, akapiga. Walimjibu kwa adabu zote kwamba taarifa ya siku hiyo wanayo, na kwamba twiga huyo ni msumeno.