Maneno ya Saudamini Redioni

Katika kiwanda chetu cha korosho, nje kidogo ya mji wa Kollam, tulikuwa tunakaa chini kwa mistari, kila mwanamke na jiwe lake na nyundo yake ya mbao, tukibangua tangu saa mbili asubuhi. Kazi ile ukiifanya kimyakimya utapata wazimu. Mistari mingine ilisengenya, mingine iliimba. Mstari wetu ulikuwa na Saudamini, na Saudamini alikuwa na vitabu.

Mimi naitwa Sarojam. Nilikaa kulia kwake miaka kumi na tisa, na habari hii ameniruhusu niisimulie, kwa sharti moja tu, kwamba nitaje jina lake.

Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na nane. Shule aliiacha darasa la nne akaingia kiwandani pamoja na mama yake, lakini kusoma hakukuacha. Riwaya za upelelezi, za majambazi na mabomu, za mapenzi, zote alizimeza, mbili au tatu kwa wiki. Jumatatu tukishaketi, mtu angemuuliza, "Dada, safari hii wamekufa wangapi?" Naye angeanza.

Hakuwa anasimulia tu, alikuwa anahukumu. Kuna riwaya moja ya upelelezi ambayo muuaji aligeuka kuwa pacha wa daktari, pacha ambaye hakuwahi kutajwa hata mara moja mpaka ukurasa wa mwisho. Saudamini alikasirika kana kwamba kaibiwa kuku. Alisema mwandishi anayemficha mtu nje ya kitabu hajatunga fumbo, amemfunga msomaji kitambaa machoni halafu anamcheka kwa kujikwaa. Mwingine alikuwa jasusi aliyepigwa risasi tatu kurasa za mwanzo na bado akaruka kutoka ghorofa ya nne. "Huyo," alisema, "mwandishi hampendi. Angempenda angemwacha aumwe." Na kama kitabu ni kizuri alikisifu hivyohivyo, bila kupamba. Alikuwa na kimoja cha mapenzi kati ya mjane na fundi saa, alikisoma mara tatu, akatuambia uzuri wake ni kwamba wale watu wawili walikuwa wanaoneana haya hata kwenye sura ya mwisho.

Mwaka ule maktaba ya kijiji ilipata msichana wa kupeleka vitabu nyumba kwa nyumba. Jina lake Lathika, umri kama thelathini, ana shahada yake, hajaolewa, sauti laini. Kila Jumamosi alasiri alifika kwa Saudamini na mkoba begani. Alikuwa anaketi kwenye ngazi, anapewa chai na muhogo wa kuchemsha, kisha anauliza kitabu kilikuwaje. Nasi kiwandani tulikuwa tunauliza, lakini kwetu ilikuwa ni kupoza siku. Lathika aliuliza kama mwanafunzi. Baadaye akaanza kuiweka simu yake kwenye ngazi irekodi. Alisema kamati ya maktaba inataka maoni ya wasomaji. Saudamini alinieleza habari hiyo akijifanya haijali, lakini niliona Jumamosi zile anavaa sari ya kutokea.

Miezi ikapita hivyo. Alikuwa anamwita mwanangu, na Lathika anamwita mama.

Asubuhi moja ya Alhamisi msimamizi wetu alichoka na nyimbo za sinema, akageuza redio ya ukumbini kutafuta habari za mvua. Akaangukia kituo kidogo cha huko kwetu. Mwanamke alikuwa anazungumzia riwaya. Alisema kwamba mwandishi anayemficha mtu nje ya kitabu amemfunga msomaji kitambaa machoni halafu anamcheka kwa kujikwaa.

Nyundo zilianza kunyamaza, moja moja. Kunjumol wa mstari wetu, ambaye mdomo wake haujawahi kukosa kazi, alisema, "Hayo si ya dada Saudamini?" Ile sauti ya redioni sote tuliijua. Lathika alikuwa anapita kwenye nyumba zetu pia.

Kama ingeishia hapo, nadhani Saudamini angecheka. Aliinua hata kichwa, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa sokoni. Lakini Lathika akaendelea na kitabu cha pili, cha mapenzi, kuhusu mume aliyekwenda nchi za Ghuba kutafuta kazi akarudi baada ya miaka kumi na moja, na mke akampokea uwanja wa ndege na kumsamehe kwa aya moja. Alisema kitabu kile ni cha uongo. Akasema, kwa sauti yake ile laini: "Mwanamume atakayerudi huacha shati moja au mawili kabatini. Asiyerudi huchukua hata yaliyochanika. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama mlangoni nikitazama, nikajua, na bado nikamfungia achari ya embe."

Hayo hatukuwahi kuyasikia. Wengine walidhani ni ya Lathika kweli, mpaka mtu akakumbusha kwamba Lathika hana mume. Mimi nilikuwa namtazama jirani yangu. Alikuwa ameshika korosho juu ya jiwe, nyundo iko hewani, na hakuishusha mpaka kipindi kikaisha.

Sote tulijua kwamba mume wake, Divakaran, alikufa kwa ajali huko Muscat miaka ishirini na sita iliyopita. Jioni ile, tukiwa tunanawa mikono kwa majivu, aliniambia kwamba hakufa. Alioa huko, akaacha kuandika barua. Saudamini aliona ni rahisi zaidi kuwa mjane kuliko kuwa mke aliyeachwa, akavaa nyeupe kama wajane na kumwambia binti yake wa miaka sita kwamba baba amefariki. Siri hiyo aliibeba peke yake mpaka kile kitabu cha uwanja wa ndege kilipomchoma, akajikuta anamwambia Lathika, simu ikiwa palepale kwenye ngazi.

Jumamosi aliniomba niwepo. Lathika alifika na mkoba wake, akaketi mahali pake. Saudamini alimpa chai kwanza.

"Alhamisi tulikusikiliza kiwandani," alimwambia. "Una sauti nzuri redioni."

Lathika aliweka kikombe chini. "Mama, nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini?"

Lathika akaeleza kwamba kituo kilimpa dakika tano kwa wiki za kuzungumzia vitabu. Mara ya kwanza alisema maoni yake mwenyewe, wakamwambia yamepoa. Wiki iliyofuata akasema ya Saudamini, na wasikilizaji wakapiga simu. Baada ya hapo alishindwa kurudi nyuma.

"Si ungesema tu ni ya Saudamini wa kiwanda cha korosho."

"Nani angemsikiliza mbangua korosho, mama? Mimi ndiye niliyeyafungulia mlango. Yangebaki kwenye maganda."

Niliona neno lile limempata. Lakini hakupandisha sauti. "Maoni chukua," alisema. "Mtu akikisema kitabu, maneno yanapita, hayana kwao. Lakini lile la mlangoni hukulisoma popote, mwanangu. Ulijua ni nini, ndiyo maana hukuomba."

Lathika akaanza kulia. Akaahidi kwamba Alhamisi inayokuja atamtaja kwa jina, atasema yote ni yake.

"Ukinitaja, na mashati yatanirudia. Binti yangu atasikia. Umenifunga mdomo kwa maneno yangu mwenyewe."

Lathika hakurudi tena kwenye ngazi ile. Redioni alirudi kila Alhamisi, maana alikuwa na miezi mitano ya Saudamini ndani ya simu. Msimamizi wetu alikipenda kile kipindi, akawa anakifungua kwa makusudi. Kunjumol alitaka twende kituoni sote, mstari mzima, tukawasemeshe. Saudamini alimkataza, na kwa sababu hakueleza, wengine walianza kusema kwamba labda anaogopa, au labda maneno yenyewe hayakuwa yake tangu mwanzo. Alikaa, akabangua, akasikiliza jasusi wake na mjane wake na fundi saa wake wakisifiwa kwa mdomo wa mtu mwingine. Jumatatu hatukumuuliza tena wamekufa wangapi.

Mwezi wa nne maktaba ilifanya sherehe yake ya kila mwaka, na wakamleta Lathika jukwaani kama nyota wa kijiji. Kulikuwa na viti vya kukodi, ndizi za kukaanga, na katibu wa maktaba, mwalimu mstaafu, akatangaza kwamba wasikilizaji wanaweza kuuliza. Saudamini alisimama. Sikujua kwamba angesimama.

Alisema, bila kipaza sauti, kwamba maoni yote yaliyosomwa tangu mwaka jana ni yake. Mwanamume mmoja mbele alicheka, akamwambia jirani yake kwamba siku hizi hata korosho zina wahakiki. Saudamini alimngoja amalize.

"Na lile la mashati ni langu," alisema. "Mume wangu hakufa. Aliniacha. Nilidanganya watu miaka ishirini na sita, na huyu binti akanidanganya miezi mitano. Sasa mnajua yote mawili."

Katibu alimgeukia Lathika. Kunjumol na mstari wetu walikuwa tayari wamesimama kutoa ushahidi, lakini haikuhitajika. Lathika alitazama chini, akasema ni kweli.

Kilichofuata hakikuwa kama vitabuni. Kituo kilimwondoa Lathika kimyakimya. Hakuna aliyekuja kumuuliza Saudamini kama anaweza kuzungumza yeye. Kipindi alipewa mwalimu mstaafu mwingine, anayesoma maelezo yaliyochapwa nyuma ya jalada. Kiwandani walikuwepo waliomshika mkono, na walikuwepo waliokumbuka ghafla kwamba walichangia mchele mwaka ule wa msiba.

Lakini pigo lilitoka Coimbatore. Binti yake, Sreelekha, anayeishi huko, alisikia kwa watu kabla mama yake hajapata ujasiri wa kumpigia. Alipiga mwenyewe. Nilikuwa karibu, na sauti ilitoka nje ya simu. Alisema, "Mama, tangu nina miaka sita nimemwashia taa ya marehemu mtu aliye hai." Kisha akakata. Hakupiga tena mpaka mvua zote zikaisha, na alipokuja alikaa siku mbili badala ya wiki.

Saudamini alikiri kwangu baadaye kwamba hasira yake kwa Lathika ilipungua siku ile ya simu, si kwa sababu amemsamehe, bali kwa sababu alisikia jinsi uongo wake mwenyewe ulivyomuuma mwanawe. "Nilikuwa najua msomaji anavyojisikia akidanganywa," aliniambia. "Kumbe na mimi nilikuwa mwandishi."

Nikamwambia hilo nalo ni zuri, angetuambia Jumatatu. Akatikisa kichwa.

Bado anasoma. Siku hizi huenda maktaba mwenyewe kwa miguu, Jumapili. Lathika, ambaye amepata kazi ya karani hapo mjini, akimwona barabarani huvuka upande wa pili. Kiwandani anaketi palepale. Juzi nilimwona wakati wa uji wa mchana ameinamia kitabu kinene cha upelelezi, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Nikamuuliza kikoje.

"Kinasomeka," alisema, akafungua ukurasa mwingine.