Shangazi na Kichwa Kilichokuwa Juu

Darasani walimwita Shangazi, maana aliwazidi wote umri, na msamiati wa ukunga ulimpiga chenga kila siku. Akiulizwa mji wa mimba, ulimi uliteleza akataja kondo la nyuma. Wenzake walipocheka, alicheka nao, kisha akaliandika lile neno upya mara kumi. Lakini kabla ya kumpima mama yeyote alisugua viganja mpaka vipate joto, akaomba ruhusa kwa sauti ya chini, kama mtu anayebisha hodi.

Asubuhi moja kliniki, alilala kitandani mama aliyebakiza wiki mbili ajifungue. Kadi yake ilisema mtoto ametanguliza kichwa. Shangazi akapapasa chini ya mbavu, akarudia.

“Sista, kichwa kiko huku juu,” alimwambia muuguzi mkuu. “Mtoto ametanguliza makalio.”

“Kadi imejazwa na daktari. Na wewe juzi hukujua mji wa mimba ni upi.”

“Juzi sikujua, Sista. Leo nimeshika kitu kigumu cha duara, nikikisukuma kinacheza.” Viganja havikubanduka tumboni.

Muuguzi mkuu akanawa mikono, akapapasa mwenyewe kwa muda mrefu. Kisha akachukua kalamu, akakata neno “kichwa” kwenye kadi, akaandika rufaa ya hospitali yenye chumba cha upasuaji.

“Mweleze mama,” alisema. “Wewe ndiye uliyeona.”

Shangazi akaushika mkono wa yule mama, akauweka chini ya mbavu. “Kichwa cha mwanao hiki hapa,” alisema. “Msalimie.”