Kidole Kilichotaka Kusomewa

Jumanne, nikiwa nimeketi kati ya watazamaji katika korti ya wenyeji hapa Eldoret, wazee walivunja ndoa ya vibarua wawili wa shamba la mzungu. Binti yao, wakaamua, akae na mamake hadi amalize darasa la nne.

Karani akaandika, kisha akampaka mama wino kwenye kidole gumba. Mama akakiinua juu.

“Nisomee kwanza.”

Mume akacheka. “Huyu hata herufi a haijui!”

“Kusoma sijui. Masikio ninayo.”

Karani akasoma haraka haraka: mtoto atarudi kwa babake akiacha kunyonya.

“Mtoto ana miaka sita, karani. Ananyonya nani?”

“Mama, ndivyo tunaandika siku zote.”

“Leo andika vile wazee walisema.”

Mzee mmoja wa korti akaitikia kwa kichwa. Karani akakata maneno yale, akaandika upya, akasoma mara mbili. Wino ulikuwa umekauka. Ikabidi mama apakwe tena, ndipo akabonyeza.

Nilirudi nyumbani kifua mbele, kana kwamba binti ni wangu. Mimi mwenye digrii nilitia sahihi mkataba wangu wa kazi bila kuusoma. Niliusoma jana. Kifungu cha tatu sikipendi hata kidogo.